Ukienda Onseni Japani: Oga Kwanza, Ndipo Uingie Majini

Binti wa jirani yangu hapa Shangani, Mtwara, anaondoka mwezi ujao kwenda kusoma Japani. Alikuja kwangu jioni moja na daftari, maswali yake ameyaandika yote: baridi, chakula, nauli za treni, laini ya simu. Nikamjibu moja moja. Alipofunga daftari nikamwuliza, "Na kuoga je?" Akacheka, akadhani ni utani. Haukuwa utani. Nimeishi miaka miwili Beppu, mji wa mkoa wa Oita katika kisiwa cha Kyushu, na kati ya makosa yote niliyoyafanya kule, lililonitia aibu kubwa nililifanya bafuni. Niliyomweleza siku ile nayaandika hapa kwa urefu, kwa yeyote wa kusini anayejiandaa na safari hiyo.

Onseni ni maji yanayotoka ardhini, mara nyingi yakiwa ya moto. Sheria yao ya mwaka 1948 inayahesabu maji kuwa onseni yakiwa na angalau nyuzi 25 za Selsiasi pale yanapochimbuka, au yakiwa na kiasi kilichowekwa cha madini fulani. Beppu peke yake ina chemchemi zaidi ya 2,000. Asubuhi ya baridi unaona mvuke ukipanda kutoka kwenye mifereji ya barabarani, utadhani chini ya mji mzima kuna watu wamebandika masufuria. Zipo hoteli zenye onseni za fahari, lakini mimi nilizoea mabafu ya mtaani: nyumba ndogo, mlango wa wanaume na mlango wa wanawake, ndani hodhi moja la maji sakafuni, na wakazi wenyewe ndio wanaopeana zamu za kulisugua. Hilo la zamu lishike, kwa sababu adabu zote zinazofuata zinatoka hapo. Maji yale yana wenyewe.

Mimi ni mtoto wa Newala. Anayeujua uwanda wa Wamakonde anaijua shida yetu: mvua inanyesha, mikorosho inastawi, lakini maji yanazama chini kabisa, na zamani akina mama waliyafuata mabondeni na kupanda nayo kichwani. Kwa bibi yangu ndoo moja tulioga watoto watatu. Tulisimama ndani ya beseni, bibi akatumwagia kwa kopo, na yale yaliyobaki kwenye beseni yakaenda kwenye mgomba. Nimekulia katika maji ya kupimwa. Siku ya kwanza nilipoliona hodhi la Beppu, maji yanaingia upande huu na kufurika upande ule, usiku na mchana, nilimkumbuka bibi mpaka machozi yakanilenga. Nikadhani penye maji mengi namna hii hakuna haja ya kuyachunga. Wanayachunga kuliko sisi.

Tuanze mlangoni. Viatu vinavuliwa, kama nyumbani na kama msikitini, hilo halitakusumbua. Mahali pengi unalipia kwenye mashine: unatumbukiza sarafu, unabonyeza kitufe, kinatoka kikaratasi, unampa mhudumu. Nenda na sarafu za yeni 100, maana hata kabati la nguo mara nyingi linataka moja, nawe unarudishiwa ukifungua. Bafu la mtaani ni yeni mia chache tu. Ukilala kwenye nyumba ya wageni yenye onseni, usishangae kuona kodi ya kuoga kwenye hesabu yako. Kawaida ni yeni 150 kwa mtu kwa siku.

Kabla hujalipa, kuna jambo ambalo sisi wa kusini hasa lazima tulijue. Mabafu mengi hayampokei mtu mwenye michoro mwilini. Kule tatuu kubwa imekuwa alama ya yakuza, magenge yao ya wahalifu, kwa muda mrefu, na wenye mabafu waliipiga marufuku ili wateja wengine wasiogope. Mwaka 2015 wakala wa utalii wa serikali yao uliziuliza hoteli na nyumba za wageni nchini. Kati ya zilizojibu, kama asilimia 56 zilisema hazimpokei mwenye tatuu, asilimia 31 zilisema kwao ruhusa, na zilizobaki zilimpokea akiifunika. Na haiulizwi mchoro ni wa nini. Mwaka 2013 mwanamke wa Kimaori kutoka New Zealand, aliyekwenda Hokkaido kwenye mkutano wa lugha za asili, alizuiwa kuingia kwa sababu ya nembo za kabila lake alizokuwa nazo usoni.

Nilipoisoma habari ile nilimwona bibi yangu. Ana nembo za Kimakonde kwenye paji la uso na mashavuni, ile mistari ya pembepembe iliyochanjwa na kusuguliwa masizi alipokuwa msichana. Alivumilia wembe ule bila kulia, na mpaka leo akiisimulia siku hiyo anakaa wima. Kumfikiria akirudishwa mlangoni mbele ya watu kuliniuma, na kunaniuma bado. Lakini nakuandikia ili ujue utakachokikuta, usije ukakijulia mlangoni kama mimi.

Maana mimi nilirudishwa, tena kwa piko. Nilikuwa nimekuja likizo, rafiki yangu akaolewa Mikindani, tukapakwa hina na piko mikono mpaka viwiko. Siku chache baadaye niko Japani, nimefuatana na wenzangu kwenye bafu kubwa la hoteli moja. Mhudumu akaiona mikono yangu. Akapishanisha mikono yake kifuani kama alama ya kosa, kisha akainama kuomba radhi. Nikamweleza kwa Kijapani changu cha kuungaunga kwamba hii ni ya harusi, itatoka yenyewe. Akainama tena, chini zaidi. Nikawangoja wenzangu kwenye benchi nje, mikono nimeificha ndani ya koti.

Kwa hiyo ukisafiri karibu na harusi, kataa piko kabisa. Hina ya vidoleni pekee hawakuwahi kunisumbua nayo, na chale zangu ndogo za dawa za kifuani hakuna aliyeziuliza. Mwenye mchoro mdogo anaweza kununua stika za kuufunika. Mwenye nembo au mchoro mkubwa amwombe mwenyeji apige simu kuuliza kabla, au achague mahali panapojulikana kuwa hapana shida hiyo: Kinosaki, mkoa wa Hyogo, mabafu yake ya umma yanampokea kila mtu, na Beppu kwenyewe utayapata mengi.

Jambo la pili ni stiri. Ndani ya onseni hakuna nguo, si chupi, si vazi la kuogelea, si kanga. Wanaume peke yao, wanawake peke yao, na wote kama walivyozaliwa. Rafiki yangu wa Lindi, tuliyesoma naye kule, ni Mwislamu anayeishika dini yake, na kwake kukaa uchi mbele ya wanawake wenzake lilikuwa jambo lisilojadiliwa. Hakukosa onseni hata hivyo. Lipo bafu la kukodi, wanaliita kashikiri au kazokuburo, yaani la familia: unalipia kama saa moja, unafunga mlango kwa ndani, mnabaki wewe na maji yako, au wewe na mumeo na watoto. Liulizie kwa jina hilo hilo, wanaelewa mara moja. Lipo pia hodhi la miguu, ashiyu, ambapo watu wanakaa na nguo zao wakapandisha suruali mpaka magotini, mara nyingi bila malipo. Na lipo bafu la mchanga, Beppu na mji wa Ibusuki, ambapo unalala umevaa joho la pamba wanaloliita yukata, wanakufukia kwa mchanga wa moto mpaka shingoni. Rafiki yangu alilipenda hilo kuliko yote. Alisema anahisi amelala ufukweni Lindi saa saba mchana, ila joto linatoka chini badala ya juu.

Mwanamke aliye kwenye siku zake haingii hodhi la watu wote. Mtoto wa nepi hapelekwi. Mtoto wa kiume aliyetimiza miaka 7 aende na baba yake, maana mwongozo wa wizara yao ya afya wa 2020 uliushusha umri huo kutoka 10.

Sasa ingia ndani. Mlango una pazia fupi la kitambaa, mara nyingi la bluu kwa wanaume na jekundu kwa wanawake, lakini usitegemee rangi, jifunze herufi. Ya mwanamke ni 女, kama mtu aliyekaa amepishanisha miguu. Ya mwanaume ni 男, juu ina kidirisha cha vioo vinne, ambacho kwao maana yake ni shamba, na chini yake ni nguvu. Kwenye nyumba za wageni hubadilishana: bafu lililokuwa la wanawake jana usiku leo asubuhi ni la wanaume. Soma pazia kila unapoingia.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo unavua kila kitu na kukitia kwenye kikapu au kabati. Vito vya fedha vua pia. Maji yenye salfa, ukiyajua kwa harufu ya yai viza, yalizigeuza nyeusi tii hereni za fedha alizonipa mama. Simu inabaki humo humo, usiishike hata kama unataka kutazama saa. Mimi siku ya kwanza nilijifunga kanga yangu kifuani nikaingia nayo mpaka ukingoni mwa maji, na wanawake sita wakanyamaza kwa pamoja. Unachoruhusiwa kuingia nacho ni kitaulo chembamba, upana wa kama shubiri moja na nusu, cha kujisugulia na kujisitiri ukitembea. Kanga ibaki kikapuni ikusubiri, ukitoka utaifurahia.

Ukishaingia, usikimbilie hodhi. Hapa ndipo penye shina la mambo yote, kwa hiyo niache nikae kidogo.

Kwetu kuoga ni kujimwagia maji na uchafu ukaenda nayo. Maji yanapita. Kule hodhi ni la kujiloweka tu, mwili umeshatakata. Wengine watakuja baada yako kwenye maji yayo hayo, kwa hiyo uchafu wako unauacha nje. Anayetawadha kwenye birika la msikiti anaelewa: unachota, unanawia pembeni, sabuni huitii ndani ya maji ya watu. Waliofika Husuni Kubwa, kule Kilwa Kisiwani, wameliona bwawa la pembe nane la karne ya 14. Wazee wetu wa pwani nao waliyajengea maji ya kuogea nyumba ya heshima.

Basi tafuta kigoda kwenye ukuta penye mabomba. Kaa. Usioge umesimama, utamrushia jirani povu. Jisabuni mwili mzima, kisogo, nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, na ujisuuze mpaka usione povu hata moja. Sisi watu wa pwani tujisabuni mara mbili, kwa sababu ya mafuta ya nazi. Tumezoea kujipaka asubuhi na jioni, na ukiingia nayo kwenye maji ya moto yanapanda juu na kutandaza utando unaong'aa kama supu iliyopoa. Niliuona utando wangu mwenyewe ukienda kumfikia mama mmoja begani. Liwa na singo ziache nyumbani kabisa. Ukimaliza, suuza kigoda na beseni, virudishe kama ulivyovikuta.

Kwenye mabafu ya zamani ya Beppu hukuti mabomba ya kuogea. Kuna hodhi na mabeseni, basi. Hapo unachuchumaa kando ya hodhi, unachota kwa beseni, unaogea nje, na unaangalia maji yako yatiririkie mferejini yasirudi hodhini. Mtoto wa Newala hapo hafundishwi.

Nywele hazigusi maji. Ukiwa na rasta ndefu zipande juu, uzifunge utosini kwa nguvu. Kitaulo nacho hakitiwi majini: kikunje ukiweke kichwani, au kwenye ukingo.

Ingia polepole. Mahodhi mengi yana nyuzi 40 hadi 42, lakini ya mtaani Beppu yanaweza kufika 44 na kuzidi, na sisi ambao maji ya moto ni ya kumwogeshea mzazi arobaini tunashtuka. Jioni yangu ya pili nilitia mguu nikautoa. Nikaona bomba la maji baridi pembeni, nikalifungua lote. Ajuza mmoja, mgongo umepinda, alikuwa amejiloweka kona ya pili. Akatoka majini bila haraka, akaja akalifunga bomba. Hakunigombeza. Akachukua beseni, akachota maji yale yale ya moto, akanimwagia miguuni. Akangoja. Akanimwagia magotini. Akangoja tena. Akaja kiunoni, mabegani, mwisho kisogoni, kidogo kidogo, mkono wake mwingine ameuweka begani kwangu nisikimbie. Kisha akanionyesha hodhi kwa kidevu. Nikaingia mpaka shingoni, na maji yaliyoniunguza dakika tano nyuma yakawa matamu.

Ndivyo bibi alivyokuwa akinimwagia kwa kopo, miguu kwanza. Nililia mle majini, na kwa mvuke ule hakuna aliyejua.

Baadaye ndipo nilipoelewa kosa langu. Maji ya onseni yanathaminiwa kwa madini yake, na ukitia ya baridi unayapunguza nguvu kwa kila mtu. Kule Kusatsu, mkoa wa Gunma, maji yanachimbuka na nyuzi zaidi ya 50, na tangu zamani wanayakoroga kwa mbao ndefu huku wakiimba mpaka yapoe, ili yasichanganywe. Ukishindwa kabisa, uliza kwanza: "Mizu o irete mo ii desu ka?" yaani, naweza kutia maji baridi? Utaona walivyo wepesi kukubali wakiombwa.

Mara ya kwanza dakika tano zinatosha. Toka, kaa ukingoni upoe, rudi. Usiingie umelewa, wala umetoka kula sasa hivi, na mwenye presha au mimba azungumze na daktari wake kabla. Kizunguzungu kikija, usisimame ghafla. Ndani ya maji hakuna kuogelea wala kupiga mbizi. Mazungumzo ya chini yanaruhusiwa, tena mtaani yanapendwa: "Konnichiwa" ukiingia, ndipo utaulizwa umetoka wapi.

Na macho. Utatazamwa kidogo siku za mwanzo, ngozi na nywele zetu ni ngeni kwao, hasa kwa watoto. Tabasamu. Wewe usimtazame mtu. Wale tuliopitia unyago hili tulifundishwa mapema: mkiwa wanawake ndani, uchi si aibu, aibu ni jicho linalokagua. Kungwi wangu angekaa pale Beppu kwa amani kabisa.

Ukimaliza, usijisuuze tena kwa maji ya bomba, madini yabaki kwenye ngozi, ila kama ngozi yako inawasha. Kamua kitaulo, jifute maji yote kabla ya kuvuka kizingiti cha chumba cha nguo. Sakafu ile haitakiwi kulowa, na mwenye zamu ya kuipangusa huenda ndiye uliyekuwa naye majini. Mafuta yako ya nazi sasa jipake, hapa ni mahali pake. Ukipewa yukata, tanguliza upande wa kulia, kisha wa kushoto uje juu. Kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti. Kunywa maji mengi, au maziwa baridi ya chupa ya kioo, yanauzwa karibu na mlango na watu wanayanywa wamesimama.

Na kabla ya kuondoka, wakati wenzako bado wako majini, geuka useme "Osaki ni." Maana yake natangulia. Mle ndani watakuitikia wote.